MFUPA WA MKONO UNAPOKATAA KUUNGA

Kwa nini tusome habari hii

Katika vijiji vyetu watu huvunjika mikono kila msimu. Mmoja ameanguka kutoka juu ya mnazi au mwembe. Mwingine ameangushwa na pikipiki. Mwingine ameteleza njiani akiwa na ndoo ya maji kichwani. Walio wengi hupona. Mfupa huunga, plasta hutolewa, na mtu hurudi shambani.

Lakini wapo wachache ambao mfupa wao hauungi. Miezi mitatu hupita, sita hupita, mwaka hupita. Mkono unaning'inia tu. Ukijaribu kuuinua, unapinda mahali pasipo na kiungo. Mtu huyo hawezi kushika jembe. Hawezi kutwanga wala kumbeba mtoto. Hata kuvaa nguo anasaidiwa. Baadaye majirani huanza kunong'ona. Wengine husema amerogwa. Wengine husema ndivyo ilivyoandikwa, hakuna la kufanya.

Habari hii inaeleza kwa nini mfupa wa mkono wa juu wakati mwingine hukataa kuunga. Inaeleza pia njia moja ya kuutibu, yaani kuufunga kwa vyuma vinavyokaa nje ya mwili. Tutaona kwamba mfupa usiounga una sababu zake, na sababu hizo zinaweza kutafutwa na kushughulikiwa. Tutaona pia kwamba mgonjwa na watu wa nyumbani kwake wana kazi kubwa katika tiba hii. Daktari peke yake haimalizi.

Mfupa wenyewe

Ndugu mwanakisomo, shika mkono wako kati ya bega na kiwiko. Ndani ya nyama hiyo kuna mfupa mmoja tu. Chini ya kiwiko iko miwili. Kwa hiyo mfupa wa mkono wa juu ukivunjika, hakuna mfupa mwenzake wa kuushikilia. Tena mkono wote wa chini unaning'inia juu yake, nao una uzito.

Nyuma ya mfupa huu unapita mshipa wa fahamu. Huu si mshipa wa damu. Kazi yake ni kupeleka amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli. Mshipa huu umeuzunguka mfupa kama mmea unaotambaa unavyozunguka mti. Ndio unaoamuru kiganja kiinuke na vidole vinyooke. Mfupa ukivunjika katikati, mshipa huu unaweza kuumia. Hutokea hivyo kwa karibu mtu 1 katika kila watu 10. Ndipo tunapoona kiganja kimelegea kama jani lililonyauka. Mara nyingi mshipa hupona wenyewe baada ya miezi kadhaa. Hata hivyo, daktari hana budi kuujua na kuulinda.

Jinsi mfupa unavyounga

Mfupa ni kitu hai. Una damu na una chembe hai ndani yake. Ukivunjika, mwili huanza kuutengeneza siku hiyo hiyo.

Kwanza damu huvuja na kuganda mahali palipovunjika. Halafu mwili hujenga kitu laini kinachoshika ncha mbili za mfupa, kama gundi isiyokauka. Baada ya majuma kadhaa kitu hicho laini hugeuka polepole kuwa mfupa mgumu. Kwa mtu mzima, mfupa wa mkono wa juu huchukua kama majuma 8 hadi 12 kushikana vizuri. Kwa mtoto ni haraka zaidi. Baada ya hapo mfupa huendelea kujiimarisha kwa miezi mingi.

Wale wanaobebesha miche ya michungwa wataelewa jambo hili upesi. Unachukua kikonyo cha mchungwa mzuri, unakiingiza katika shina la mche, unafunga kwa utepe. Kikishika, utapata matunda. Lakini yako masharti. Vipande viwili lazima vigusane. Visitikiswe. Utomvu lazima ufike. Na kidonda kisiingiwe na uozo. Sharti moja likivunjwa, kikonyo hukauka.

Mfupa nao una masharti manne:

1. Kutulia. Mtikisiko mdogo sana hauzuii mfupa kuunga. Lakini mtikisiko mkubwa wa kila siku hurarua kile kitu laini kabla hakijawa kigumu.

2. Kugusana. Ncha zikiachana, au nyama ikiingia katikati, mfupa hauna njia ya kufikia mwenzake.

3. Damu. Damu ndiyo inayoleta chakula na mafundi wa kujenga.

4. Usafi. Vijidudu vikiingia ndani ya mfupa, mwili huacha ujenzi na kuanza vita.

Mvunjiko wa mkono wa juu ambao haukutoboa ngozi mara nyingi hupona bila upasuaji. Mwaka 1977 Dakta Augusto Sarmiento, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alieleza njia ya kuufunga mkono kwa gamba la plastiki linalobana nyama kuzunguka mfupa, huku bega na kiwiko vikiachwa huru. Mwaka 2000 yeye na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 620 waliofuatiliwa. Kati ya wale ambao ngozi haikutoboka, walioshindwa kuunga walikuwa pungufu ya 2 katika kila 100. Kati ya wale ambao ngozi ilitoboka, walikuwa 6 katika kila 100. Hospitali nyingine zimepata idadi kubwa zaidi, hata kuzidi 10 katika kila 100. Kwa vyovyote, wanaoshindwa ni wachache, lakini wapo. Hao ndio tunaowazungumzia.

Kwa nini mfupa hukataa

Tukiyakumbuka masharti manne, sababu tutaziona wenyewe.

(a) Mfupa haukutulia. Plasta ilitolewa mapema, au ililegea. Pengine bamba la chuma liliwekwa ndani, lakini skrubu zikalegea.

(b) Ncha ziliachana. Wakati mwingine msuli huingia katikati ya ncha mbili. Wakati mwingine uzito wa mkono, au wa plasta nzito, huzivuta zikaachana.

(c) Damu haifiki. Ajali kubwa, kama ya pikipiki, huweza kuuvunja mfupa vipande vingi na kuvitenga na nyama inayovilisha.

(d) Vijidudu vimeingia. Hii hutokea hasa mfupa ukitoboa ngozi na kidonda kikakaa na uchafu.

(e) Mwili wenyewe umedhoofika. Kuvuta tumbaku hubana mishipa midogo ya damu na kuchelewesha mfupa kuunga. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huleta madhara. Na mtu asiyepata chakula cha kutosha hana vifaa vya kujengea.

Daktari akitazama picha ya eksirei anaweza kuona mfupa umekataa kwa namna gani. Wakati mwingine ncha za mfupa zimenenepa na kutanuka kama mguu wa tembo. Huo ni mfupa wenye damu na nia ya kuunga, ila haukupata utulivu. Wakati mwingine ncha zimekonda na kuchongoka kama penseli. Huo umekosa damu, nao umeacha kujenga. Mfupa wa tatu ni ule wenye usaha. Kipande kilichokufa hukaa ndani kama mwiba, na usaha hutoka kwenye tundu la ngozi miezi nenda miezi rudi.

Mfupa usipounga kwa muda mrefu, mwili huweza kutengeneza kiungo cha uongo. Mtu anakuwa kama ana kiwiko cha pili mahali pasipostahili. Kiungo hicho huenda kisiume sana. Ndiyo maana wengine hukizoea na kukaa nacho miaka mingi, mkono ukizidi kukonda.

Dalili za kuangalia

Mtu aliyevunjika mkono wa juu arudi hospitali mapema akiona mambo haya:

– Majuma 6 hadi 8 yamepita, na mahali palipovunjika bado panacheza.
– Maumivu yanazidi badala ya kupungua.
– Mkono unapinda mahali pasipo na kiungo.
– Kuna usaha, joto au uvimbe mpya.
– Kiganja hakiinuki au vidole havina hisia.

Kwa kawaida madaktari husema mfupa huu umeshindwa kuunga miezi 6 hadi 9 ikishapita. Lakini mgonjwa asikae nyumbani kuingoja miezi hiyo. Mfupa unaochelewa ukigunduliwa mapema, kazi ya kuusaidia huwa nyepesi.

Njia za kutibu

Iko njia zaidi ya moja. Inayotumika zaidi kwa mkono wa juu ni kupasua, kuweka bamba la chuma juu ya mfupa, na kulikaza kwa skrubu. Mara nyingi daktari huchukua pia mfupa mdogo kutoka kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kuupandikiza mahali penye ufa. Mfupa huo huwa kama mbegu. Njia nyingine ni kupitisha msumari mrefu wa chuma ndani ya mfupa. Kama ncha ni safi na ngozi ni nzuri, njia ya bamba hutoa matokeo mazuri sana.

Lakini njia hiyo haifai kwa kila mtu. Tuseme mfupa una usaha. Ukiweka bamba ndani, vijidudu hujificha juu ya chuma hicho, mahali ambapo dawa haifiki vizuri. Ni sawa na kusimamisha nguzo mpya ndani ya kichuguu. Mchwa watakula tena. Au tuseme mtu amekwisha kupasuliwa mara mbili tatu, na vyuma vya ndani vimelegea, na mfupa umekuwa laini usioshika skrubu. Au kipande cha mfupa kimepotea, na ngozi ina makovu matupu. Kwa watu kama hao, daktari huweza kuchagua vyuma vya nje.

Vyuma vya nje ni nini

Vyuma vya nje ni fremu inayoushika mfupa kutoka nje. Hospitalini wagonjwa wengine huviita antena. Pini za chuma hupita katika ngozi na nyama hadi kwenye mfupa. Baadhi huwekwa juu ya mahali palipovunjika, na nyingine chini yake. Nje ya ngozi, pini hizo hufungwa kwenye fimbo au kwenye pete za chuma. Hivyo ncha mbili za mfupa hushikwa imara, na mahali penyewe pagonjwa hapawekwi chuma.

Jambo hili lilianza zamani. Mwaka 1897 Dakta Clayton Parkhill wa mji wa Denver, Marekani, alieleza fremu yake. Mwaka 1902 Dakta Albin Lambotte wa Antwerp, Ubelgiji, alitengeneza ya kwake. Lakini aliyeifikisha mbali kazi ya kuponya mifupa iliyokataa kuunga alikuwa daktari wa kijijini, Gavriil Ilizarov.

Ilizarov alimaliza masomo yake mwaka 1944 katika Umoja wa Kisovieti. Alipelekwa kufanya kazi katika kijiji cha Dolgovka, mkoa wa Kurgan, nchi ya baridi kali ya Siberia. Wakati ule Vita Kuu ya Pili ilikuwa inakaribia mwisho. Askari wengi walirudi na mifupa iliyovunjika vibaya, na yenye usaha. Dawa na vifaa vilikuwa haba. Mapema katika miaka ya 1950 Ilizarov alibuni chombo chake cha pete. Nyaya nyembamba za chuma zilipitishwa katika mfupa, zikavutwa na kukazwa kwenye pete, kama spoki zinavyokazwa kwenye rimu ya baiskeli. Spoki moja ni nyembamba, inapinda kwa mkono. Lakini spoki zilizokazwa pamoja hubeba mtu na gunia lake. Ndivyo zilivyo na nyaya hizo.

Pete ziliunganishwa kwa fimbo zenye nati. Ukizungusha nati upande mmoja, ncha za mfupa husogezwa na kubanwa pamoja. Ukizungusha upande mwingine, huvutwa kuachana. Ilizarov aligundua jambo kubwa. Mfupa ukivutwa polepole sana, kiasi cha milimita 1 kwa siku, mwili hujenga mfupa mpya katika ile nafasi. Kwa njia hiyo hata mfupa uliopotea huweza kurudishwa.

Kwa muda mrefu sifa zake hazikuenda mbali. Kisha mwaka 1968 alimtibu Valeriy Brumel, bingwa wa kuruka juu katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964. Mguu wa Brumel ulikuwa umevunjika vibaya katika ajali ya pikipiki mwaka 1965, na upasuaji mwingi haukuuponya. Baada ya tiba ya Ilizarov alirudi kuruka. Mwaka 1981 Ilizarov alialikwa Italia kuwafundisha madaktari wenzake, na kutoka hapo njia yake ikaenea duniani. Alifariki mwaka 1992. Brumel alivunjika mguu, lakini kanuni ni ile ile kwa mkono.

Jinsi mkono wa juu unavyofungwa vyuma vya nje

Tumfikirie mkulima aliyevunjika mkono wa juu. Mfupa ulitoboa ngozi. Alipasuliwa na kuwekewa bamba, lakini mwaka mmoja baadaye mfupa haujaunga na usaha unatoka. Atatibiwa hivi:

Kwanza, daktari humpima damu na kumpiga picha ya eksirei. Hupima kiganja na vidole vyake ili kujua hali ya mshipa wa fahamu.

Pili, katika chumba cha upasuaji, bamba na skrubu zilizolegea hutolewa. Sehemu ya mfupa iliyokufa hukatwa mpaka ionekane sehemu hai inayotoa damu. Vipande vya nyama na mfupa hupelekwa maabara, ili kijidudu kijulikane na dawa inayofaa ichaguliwe.

Tatu, ncha mbili hai hukutanishwa. Hapa mkono una bahati kuliko mguu. Mguu mmoja ukiwa mfupi kwa sentimita 3, mtu huchechemea. Mkono wa juu ukipungua sentimita 3, mtu huendelea kulima, kupika na kuandika vizuri. Kwa hiyo daktari anaweza kukata sehemu mbovu bila kuogopa sana, na kuzikutanisha sehemu nzima. Kama pengo ni kubwa mno, atafikiria kupandikiza mfupa, au kuuvuta polepole kwa njia ya Ilizarov.

Nne, pini huwekwa. Kazi hii inataka mtu anayeijua, kwa sababu ya ule mshipa wa fahamu unaouzunguka mfupa. Mara nyingi daktari hupasua kidogo ili aone kwa macho njia ya pini, asiutoboe mshipa. Karibu na bega pete nzima haikai vizuri, kwa kuwa ingegusa kifua. Hapo hutumika nusu pete na pini nene, au fimbo moja iliyo upande wa nje wa mkono.

Tano, ncha za mfupa hubanwa pamoja. Kubanwa huku hunyamazisha ule mtikisiko. Katika siku zinazofuata nati huweza kukazwa kidogo kidogo, kwa vipimo vya daktari. Mgonjwa asiziguse nati kwa hiari yake, wala fundi baiskeli asiitwe kuzikaza.

Kwa yule ambaye mfupa wake ni wa aina ya mguu wa tembo na hauna usaha, kazi huwa nyepesi zaidi. Wakati mwingine mahali penye ufa hapapasuliwi kabisa. Hupewa utulivu tu, na mfupa unaendelea na kazi ulioianza.

Vyuma hukaa kwa muda gani? Mara nyingi ni miezi 4 hadi 6, na wakati mwingine zaidi. Picha zikionyesha kwamba mfupa umeunga, daktari hulegeza fimbo na kupima kama mkono umetulia bila msaada. Ndipo vyuma hutolewa. Kuvitoa ni kazi fupi. Baada ya hapo mkono hulindwa kwa majuma machache, usinyanyue mizigo mizito.

Kazi ya mgonjwa na ya nyumbani

Hapa ndipo tiba nyingi hushinda au hushindwa. Mgonjwa atakaa hospitalini siku chache, lakini nyumbani atakaa na vyuma kwa miezi.

1. Kusafisha matundu ya pini. Kila pini ni mlango ambao vijidudu vinaweza kuingilia. Muuguzi atamwonyesha mgonjwa jinsi ya kusafisha na mara ngapi. Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Tumia maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi. Kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana kinatosha kwa maji nusu lita. Tumia kipande kipya cha shashi kwa kila pini. Usipake majivu, mafuta ya taa, kinyesi cha ng'ombe wala dawa usiyoijua.

2. Kufanya mazoezi. Mfupa umetulia, lakini viungo visilale. Kunja na kunjua vidole, kifundo, kiwiko na bega kila siku kama ulivyoelekezwa. Watu wengi mfupa wao huunga, lakini kiwiko kinabaki kikavu kama bawaba yenye kutu, kwa sababu hakikuchezeshwa. Kama kiganja kimelegea, tumia mkono mwingine kukiinua, ili kisikakamae.

3. Kula vizuri. Maharage, kunde, dagaa, samaki, mayai, maziwa na mboga za majani ni vifaa vya kujengea mwili. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yake, nayo ina madini ya chokaa yanayoimarisha mifupa yetu.

4. Kuacha tumbaku. Sigara, kiko, ugoro, vyote viachwe mpaka mfupa uunge. Ikiwezekana viachwe kabisa.

5. Kurudi kliniki. Siku ya kliniki isikosekane hata kama maumivu hayapo. Kutokuwa na maumivu si dalili kamili kwamba mfupa umeunga.

Familia nayo imsaidie kwa kazi za shamba na nyumbani. Nguo yake ikatwe mkono na kushonwa vifungo, ili ivalike juu ya vyuma. Watoto waelezwe wasiviogope wala kuvichezea. Mgonjwa asifichwe ndani. Anaweza kutembea, kwenda sokoni, na kuja darasani kusoma.

Matatizo yanayoweza kutokea

Tiba hii ina taabu zake, na ni haki ya mgonjwa kuzijua kabla hajakubali. Tatizo la kawaida ni vijidudu kwenye matundu ya pini. Ngozi huwa nyekundu, huvimba, hutoa maji au usaha. Tukiwahi, mara nyingi huisha kwa usafi na vidonge. Tukichelewa, pini hulegea na huenda ikabidi itolewe. Mshipa wa fahamu unaweza kuguswa. Kiwiko au bega huweza kukakamaa. Na pengine mfupa hukataa tena, ikabidi kupandikiza mfupa. Juu ya hayo, kuishi na vyuma mchana na usiku kunachosha. Mgonjwa anataka uvumilivu, na anataka watu wa kumtia moyo.

Gharama nazo zisimzuie mtu kuuliza. Hospitali nyingi kubwa zina afisa ustawi wa jamii. Asiyejiweza aende kwake mapema aeleze hali yake. Nchini Tanzania, madaktari bingwa wa mifupa wapo katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi na Hospitali ya Bugando mjini Mwanza, zote zilizofunguliwa mwaka 1971. Wapo pia katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Safari huanzia zahanati au kituo cha afya, ambako mgonjwa hupewa barua ya rufaa.

Tuzuie kabla ya kutibu

Mifupa mingi isiyounga huanza na siku za kwanza baada ya ajali. Mtu akivunjika mkono wa juu, usiuvute kuunyoosha. Utulize kifuani kwa khanga iliyofungwa shingoni. Kama kuna kidonda, kifunike kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mfupa uliotoboa ngozi unahitaji kusafishwa na dawa mapema.

Katika vijiji vingi wako wazee wanaounga mifupa kwa mabanzi. Wapo walio na mikono mizuri, na watu wengi wamepona kwao. Lakini mabanzi yakikazwa mno huzuia damu. Tuwaombe wazee wetu waangalie vidole kila mara. Vidole vikivimba, vikipoa, vikifa ganzi au kubadilika rangi, mabanzi yalegezwe mara moja na mgonjwa akimbizwe hospitali. Kuchelewa saa chache kunaweza kumpotezea mtu mkono mzima. Tena, mfupa uliotoboa ngozi, au ule usiounga baada ya miezi mitatu, si kazi ya mabanzi. Mzee anayempeleka mgonjwa huyo hospitali hakushindwa. Amemwokoa.

Mambo ya kukumbuka

– Mfupa huunga ukipata utulivu, mgusano, damu na usafi.
– Mfupa usipounga, tutafute ni sharti lipi lililokosekana. Tusitafute mchawi.
– Vyuma vya nje husaidia hasa pale penye usaha, au pale ambapo vyuma vya ndani vimeshindwa.
– Matundu ya pini yasafishwe, viungo vichezeshwe, tumbaku iachwe, kliniki isikosekane.
– Mkono ulioshindwa kuunga kwa miaka mingi nao upelekwe ukapimwe. Huenda bado unatibika.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja masharti manne ya mfupa kuunga. Yanafanana vipi na kubebesha mchungwa?
2. Kwa nini si vizuri kuweka bamba la chuma ndani ya mfupa wenye usaha?
3. Onyesheni darasani jinsi ya kutuliza mkono uliovunjika kwa kutumia khanga.
4. Je, yuko mtu kijijini kwetu ambaye mkono wake haukuunga? Tufanye nini ili afike hospitali?
5. Tunawezaje kushirikiana na wazee wanaounga mifupa, ili mgonjwa asicheleweshwe?